Daftari la Mwethya

Daftari lilitolewa kwenye sanduku la bati, limeviringishwa nailoni mara mbili na kufungwa uzi. Mama aliyelitunza alinawa mikono kwanza, akajifuta kwa leso, ndipo akalifungua. Ni daftari la shule la kawaida, kurasa zake zimegeuka rangi ya chai ya maziwa. Upande wa kushoto yamepangwa majina ya wanawake 31. Juu kuna tarehe. Aliyefika kazini amewekewa vema, asiyefika sifuri, na pembeni faini yake. Penye jina moja, kwa majuma matatu mfululizo, katibu hakuandika vema wala sifuri. Aliandika neno moja: amejifungua. Juma la nne vema imerudi.

Hao, katika mwethya, yaani kikundi cha kazi za pamoja cha Wakamba, ndio walioujenga ukuta wa bwawa la mchanga katika kijito kimoja cha kusini mwa Kitui, baada ya njaa ya 1984. Wakamba waliipa njaa ile jina la Nikw'a Ngwete, yaani nakufa na huku nimeshika. Pesa ilikuwa kiganjani, mahindi hayakuwako dukani. Saruji ya ukuta ilitoka parokiani, kwa mkono wa padri wa Kiayalandi. Mawe, mchanga, maji ya kukorogea na siku za kazi vilitoka kwa wale 31.

Nimeanza na daftari hili kwa sababu ya utafiti wa historia unaoendelea huko Ayalandi, ambao unatuhusu kuliko tunavyodhani. Shirika la Wamisionari la Mtakatifu Patrick lilianzishwa tarehe 17 Machi 1932 huko Kiltegan, katika wilaya ya Wicklow. Mapadri wake ndio waliokuja kuifanya Kitui shamba lao la utume. Eneo hilo likatengwa na Nairobi kikanisa mwaka 1956, likawa jimbo kamili mwaka 1964, na askofu wake wa kwanza, William Dunne, Mwayalandi, akaliongoza hadi 1995. Masista wa Mercy kutoka huko huko walianzisha hospitali ya Mutomo, ambayo kwa mgonjwa wa upande ule, enzi ambazo barabara ilikuwa vumbi tupu, ilikuwa ndiyo mwanzo na mwisho wa matumaini. Mwaka 1973 maaskofu wa Ayalandi wakaunda shirika la misaada la Trócaire. Kila Kwaresima sanduku lake dogo la karatasi huwekwa mezani katika nyumba za Waayalandi, watoto wakatia senti zao. Baadhi ya senti hizo zimefika Ukambani.

Kwa muda mrefu habari hizi ziliandikwa kama simulizi za sifa: padri amefika, amejenga, ameombewa. Siku hizi wanahistoria wa Ayalandi wanazisoma kwa jicho jingine. Kevin O'Sullivan wa chuo kikuu cha Galway alitoa kitabu mwaka 2012 kuhusu Ayalandi, Afrika na mwisho wa himaya, na kingine mwaka 2021 kuhusu jinsi mashirika ya misaada yalivyokua kuanzia vita vya Biafra hadi njaa ya Ethiopia ya miaka ya 1980. Anaonyesha kwamba huruma nayo ina historia. Ina ofisi, bajeti, mashindano na siasa. Taifa dogo lililotawaliwa na Uingereza, lililowahi kufa njaa, lilijiona lina undugu na Afrika, na undugu huo ukawa kazi, kisha ukawa taaluma.

Ni kazi ninayoiheshimu sana. Lakini historia ya namna hiyo hutegemea zaidi nyaraka za aliyetoa, na nyaraka hizo zina mahali zinapokomea. Ripoti ya mradi hufungwa siku ya kukabidhi. Utepe umekatwa, picha imepigwa, salio limerudishwa, faili limepelekwa kabatini. Mwenye ripoti anaiita hiyo tamati. Kwa mwenye kijito ndiyo kwanza kazi imeanza.

Bwawa la mchanga halifanani na bwawa ambalo wengi wanalifikiria. Ni ukuta wa mawe na saruji unaokatiza mto wa msimu, umeketi juu ya mwamba. Mvua ya kwanza inaleta tope na mchanga; tope jepesi linapita juu ya ukuta, mchanga mzito unatua nyuma yake. Msimu baada ya msimu mchanga unajaa hadi ukingo wa ukuta, na maji yanakaa katikati ya chembe zake, jua lisiyafikie na mbu asipate pa kutagia. Kiangazi kikikaza unafukua kidogo na kata, au unavuta pampu ya mkono pembeni. Kitui ina mamia ya kuta hizi. Za kale zilijengwa miaka ya 1950 chini ya mpango wa serikali ya kikoloni, na nyingi zaidi zikaja kuanzia miaka ya 1990 kwa juhudi za shirika la SASOL pamoja na wanakijiji wenyewe.

Si zote zilizosimama. Nimepita mahali ambapo ukuta umebaki mzima katikati ya mto kama jino moja, na mto wenyewe umeuzunguka ukachimba njia mpya ubavuni, kwa sababu bawa la ukuta lilifanywa fupi mno na ukingo haukupandwa nyasi. Penginepo ukuta uliwekwa juu ya changarawe badala ya mwamba, maji yakapenya chini. Na kuna kuta zilizokuwa timamu kabisa hadi malori yalipokuja usiku kuzoa mchanga kupeleka kwenye majengo ya mijini. Mchanga ukienda, maji nayo yameenda. Kaunti ya Makueni ililitungia jambo hili sheria mwaka 2015, mapema kuliko kaunti nyingi, kwa kuwa watu wake walikwisha kuona mito inabaki mwamba mtupu.

Ukuta wa wale akina mama ulizungukwa na maji wakati wa mvua za El Niño za 1997. Faili la mradi lilikuwa limefungwa kitambo. Daftari halikufungwa. Kuna kurasa kumi na moja, kwa mwandiko wa katibu mwingine, zenye tarehe mpya, vema na sifuri zilezile, na majina mapya chini ya majina ya zamani. Walirudi kubeba mawe, wakarefusha bawa, wakapanda matete. Hakuna mtu wa nje aliyewaagiza. Mtafiti akisoma faili pekee ataandika kwamba mradi ulikamilika katika miaka ya 1980. Akisoma daftari ataona kwamba ulinusurika mwaka 1997, na ataona kwa mikono ya nani.

Waayalandi wanalijua vizuri suala la nyaraka kukatika, na hapo ndipo utafiti wao unaponigusa zaidi. Tarehe 30 Juni 1922, katika vita vyao vya wenyewe kwa wenyewe, ofisi ya kumbukumbu za taifa mjini Dublin iliteketea, ikaangamiza karne kadhaa za hati. Miaka mia moja baadaye, Juni 2022, watafiti wakiongozwa na chuo cha Trinity walifungua hazina ya kumbukumbu kwenye intaneti, wakiijaza kwa nakala walizozitafuta kila mahali: maktaba za nje, madaftari ya wanasheria, dondoo zilizonakiliwa na wasomi kabla ya moto. Walichukulia kwamba kilichoungua kwako huenda kina mwangwi kwenye kabati la mtu mwingine.

Miaka mingi kabla ya hazina hiyo, Waayalandi walifanya jambo ambalo naliona kubwa zaidi. Kati ya 1937 na 1939, wanafunzi wa shule za msingi walitumwa nyumbani kuwauliza wazee wao habari za kale na kuziandika. Watoto wapata 50,000 walishiriki. Humo zimo kumbukumbu za njaa kuu ya miaka ya 1840, pamoja na kazi za barabara ambazo serikali ilizianzisha ili wenye njaa wapate ujira. Mwanzoni mwa 1847 kazi hizo zilikuwa na watu zaidi ya 700,000, wengi wakivunja mawe huku wamedhoofika, na baadhi ya barabara hazikuelekea popote. Hati za ofisini zina idadi na gharama. Wajukuu walileta kilichokosekana humo.

Nasi tukitaka kukusanya kumbukumbu zetu, hatuanzi na mikono mitupu. Mwaka 1994 Mary Tiffen, Michael Mortimore na Francis Gichuki walichapisha utafiti kuhusu Machakos ya zamani, iliyokuwa bado na Makueni ndani yake, wakalinganisha picha za vilima za 1937 na za miaka ya 1990. Watu walikuwa wameongezeka zaidi ya mara tano, lakini udongo ulikuwa umeshikiliwa vizuri zaidi. Matuta yaliyochimbwa kwa amri ya mkoloni wengi waliyaacha. Yaliyodumu ni yale ambayo watu, mara nyingi katika mwethya, walichimba baadaye kwa hiari yao. Jina la mtindo mmojawapo, fanya juu, limeingia katika vitabu vya kilimo vya dunia nzima kwa Kiswahili chake hichohicho.

Na Makueni ya leo inaandika madaftari mapya. Tangu ugatuzi, kila mradi wa kaunti una kamati ya wananchi waliochaguliwa kijijini, ambao huukagua na kutia sahihi kabla mkandarasi hajalipwa. Ningependa sana madaftari ya kamati hizo yahifadhiwe kwa uangalifu uleule wa hati za malipo, kwa maana mzozo wa pampu iliyofungwa kombo uko humo, wala hauko kwenye ripoti ya mwaka. Kwa madaftari ya zamani wakati unayoyoma. Mapadri wa Kiayalandi waliobaki ni wazee, na Kitui inaongozwa na maaskofu Wakenya tangu 1995. Barua za wale mapadri ziko salama Ulaya. Wanawake waliobeba mawe wanazikwa kila mwaka, na watoto wao wanasafisha nyumba na kuchoma makaratasi.

Nilimwomba yule mama nilichukue daftari kwa siku mbili nikalinakili mjini. Alitikisa kichwa. "Mwanangu, hili halilali nje." Basi tukaliweka juu ya kiti uani, penye mwanga, akawa anafungua kurasa nami nikipiga picha kwa simu. Kila jina alilisemea neno: huyu yuko, huyu alihamia Kibwezi, huyu tulimzika juzi. Tulipomaliza nilianza kufunga mkoba, akanizuia, akageuza daftari nyuma. Kwenye jalada, kwa penseli, kulikuwa na hesabu ya saruji: mifuko iliyopokelewa, iliyotumika, na chini ya mstari, miwili. "Na hii," alisema, akiweka kidole pale. "Ilibaki miwili. Padri hakutuuliza. Tuliijengea birika la ng'ombe, liko pale chini, twende ulione."