Fahamu: Ukodishaji wa reli, na Kigoma iliupitiaje?

Ni mpango wa serikali kubaki na njia, huku kampuni ikipewa mkataba wa kuendesha treni.

Ulivyokuwa

Mwaka 2007 kampuni ya RITES ya India ilichukua asilimia 51 ya TRL, kampuni ya kuendesha treni, serikali 49, kwa miaka 25. Mkataba haukufika mbali: migomo ya mishahara, uhaba wa vichwa vya treni, kisha mafuriko ya Kilosa yakang'oa reli. Mwaka 2011 serikali ikaichukua tena TRL.

Kwa nini Kigoma

Reli ya Kati, iliyofika Ziwa Tanganyika mwaka 1914, huishia hapa Kigoma. Treni ikikwama, madumu ya mawese na magunia ya dagaa hulala stesheni. Shehena ya Kongo nayo husubiri bandarini.

Sasa

Sheria ya 2017 iliunganisha TRL na RAHCO, mwenye njia, kuwa shirika moja, TRC.