Juu ya Maneno "Myeyungano" na "Mwatuko" katika Elimu ya Atomu

Katika wilaya ya Misungwi, mkoani Mwanza, mwalimu mmoja wa fizikia aliniuliza swali ambalo sikuwa na jibu lake. Wanafunzi wake hufundishwa sayansi kwa Kiingereza, lakini huulizana maana yake kwa Kiswahili, na pengine kwa Kisukuma. Ikiwa viini viwili vya atomu vyakutana na kuzaa vitatu, je, tuseme vimeungana au vimepasuka? Makala haya yajaribu kumjibu, maana jina likipotoka, na fahamu hupotoka nalo.

Jambo lenyewe ni hili. Kiini cha boroni, chenye protoni 5 na nyutroni 6, kikigongwa na protoni iendayo kasi, viwili hivyo huwa kiini kimoja cha kaboni kwa kitambo kidogo mno. Kisha kaboni hiyo huvunjika ikawa viini 3 vya heli vyenye nguvu nyingi. Mark Oliphant na Ernest Rutherford walilichungua jambo hili huko Cambridge mwaka 1933. Wataalamu walipendelea kwa sababu nyutroni zitokazo ni chache sana, nazo nyutroni ndizo zitiazo kuta za mtambo mionzi ya hatari. Lakini protoni na boroni husukumana kwa kuwa zote zina chaji chanya, na kuzishurutisha kwa joto peke yake kwataka digrii bilioni kadhaa.

Ndipo ilipoingia leza. Katika njia mojawapo, mmweko wa leza mfupi kuliko sehemu moja ya bilioni ya sekunde hupiga utando mwembamba na kurusha protoni, nazo huigonga boroni. Warusi walipata viini vya heli kiasi cha elfu mwaka 2005. Ufaransa, mwaka 2013, hesabu ikafika mamilioni. Na huko Prague ikafika bilioni mwaka 2014, na zaidi ya bilioni 100 mwaka 2020. Hata hivyo, nguvu iliyopatikana haikufika hata sehemu moja ya elfu ya nguvu ya leza yenyewe. Safari ingali ndefu.

Sasa tuyatazame maneno. Maandishi yetu ya sayansi yana "myeyungano", lililotungwa kwa kuunganisha "yeyuka" na "ungana", na "mwatuko", litokanalo na "atua", yaani kupasua. La pili halina kasoro. La kwanza lina ila: chumvi huyeyuka majini na samli huyeyuka motoni, bali kiini hakiyeyuki, hukaribiana na kingine hata vikashikamana. "Muungano" lingetosha, ingawa tangu 1964 Mtanzania alisikiapo hufikiri kwanza habari za dola. Kwa hiyo naona afadhali "muungano wa viini", jina lisiloachwa peke yake.

Basi jibu la mwalimu wetu ni kwamba yote mawili ni kweli, kwa kufuatana: muungano kwanza, mwatuko baadaye. Twaweza kuita "mwatuko wa baada ya muungano". Ni jina refu, nakiri. Lakini mwanafunzi wa Misungwi alisikiapo atajua jambo gani latangulia na lipi lafuata, hata kabla ya kufungua kitabu cha Kiingereza.