Zebaki Nyumbani: Onyo Linalopaswa Kukufikia

Tunapofika Nyamongo wilayani Tarime, au katika vijiji vya wachimbaji wadogo wilayani Serengeti, kutoa elimu ya matumizi salama ya kemikali, swali linalotutangulia karibu kila mkutano ni hili: je, kushika zebaki kwa mkono kuna madhara? Ni swali jema, ila si la kwanza kwa uzito. Anayeuliza hivyo mara nyingi ndiye ambaye jioni hurudi nyumbani na donge la dhahabu na zebaki, akaliweka kwenye karai juu ya jiko la mkaa na kulichoma, huku watoto wakisubiri chakula hatua chache kutoka hapo. Mkono anauhofia, jiko halimpi shaka.

Zebaki ni metali iliyo kimiminika katika joto la kawaida, nayo ni nzito mno: chupa ya soda ya nusu lita ikijazwa hukaribia kilo 7. Mchenjuaji huitumia kwa sababu hunasa chembe za dhahabu zilizomo katika mchanga uliosagwa kwenye karasha. Donge linalopatikana huchomwa. Zebaki huchemka katika nyuzi joto 357 za Selsiasi, ikapotea hewani, dhahabu ikabaki. Neno "ikapotea" ndilo linalodanganya watu. Mvuke wa zebaki hauna rangi wala harufu, na takribani asilimia 80 ya ule unaovutwa kwa pumzi hubaki mwilini. Sehemu inayobaki hupoa na kutua kwenye kuta, mapazia, nguo na vyombo, kisha hupanda tena hewani kidogo kidogo kwa siku nyingi. Kupitia ngozi, kinyume chake, zebaki ya aina hii huingia kwa kiasi kidogo tu. Kwa hiyo jibu letu kwa swali la mkutanoni ni kwamba usiishike, lakini ogopa zaidi kuichoma.

Madhara yake huja polepole. Mikono hutetemeka, usingizi hupungua, mtu husahau na kuwa mwepesi wa hasira, fizi huvimba, figo hudhoofika. Kwa mama mjamzito zebaki hupita hadi kwa mtoto aliye tumboni, ambaye ubongo wake ndio kwanza unajengeka. Mtu anayeanza kutetemeka baada ya miaka mingi ya kazi huambiwa ni uzee au ni pombe, na ndivyo tatizo linavyofichika ndani ya familia.

Kuna kisa kimoja ambacho wasimamizi wa usalama na afya katika vyuo vikuu vingi duniani wanakifahamu. Mwezi Agosti 1996 Profesa Karen Wetterhahn, mwanakemia wa Chuo cha Dartmouth nchini Marekani, alidondokewa na matone machache ya kiwanja cha zebaki kiitwacho dimethili-zebaki juu ya glavu alizovaa. Alifuata taratibu zote zilizojulikana wakati huo. Miezi ilipita kabla dalili hazijaonekana, na mwezi Juni 1997 alifariki dunia. Glavu za aina ile zilipopimwa, ilionekana kwamba kemikali ile huzipenya kwa muda wa sekunde tu. Wenzake hawakusubiri: yeye akiwa bado mgonjwa, waliwaandikia wanakemia wengine kueleza kilichotokea, kwa kemikali ipi, na kinga gani ilishindwa. Maabara nyingi zilibadili taratibu zao kwa sababu ya onyo hilo.

Kemikali ile ni kali kuliko zebaki inayouzwa machimboni, na hatutaki msomaji azichanganye hizo mbili. Tunachotaka akione ni jinsi onyo lilivyosafiri. Wataalamu hupashana habari za ajali kwa undani, wakitaja kitu, kiasi na kosa lililofanyika. Mnunuzi wa zebaki huko Tarime hupewa chupa isiyo na maandishi, pamoja na ushauri wa jirani.

Ushauri huo tumeusikia. Unaosikika zaidi ni kunywa maziwa ili "kusafisha sumu". Maziwa ni chakula bora, lakini hayaondoi zebaki mwilini. Mwingine ni kufunga kitambaa puani. Mvuke hupita kwenye kitambaa kama hewa inavyopita. Habari ya namna hii ikikufikia kwenye simu, jiulize kama inataja kemikali ipi na inadhuru kwa njia gani. Kama haitaji, usimtumie mwenzako.

Habari kamili ipo, na una haki ya kuidai. Sheria ya Kemikali za Viwandani na Majumbani, Na. 3 ya mwaka 2003, inamtaka mfanyabiashara wa kemikali asajiliwe. Mwombe akuonyeshe cheti. Kila kemikali ina karatasi ya taarifa za usalama yenye sehemu 16. Huhitaji kuzisoma zote: sehemu ya 2 inaeleza hatari zake, ya 4 huduma ya kwanza, ya 6 la kufanya ikimwagika, ya 7 namna ya kuihifadhi, na ya 8 kinga za mwili. Lebo ya zebaki nayo huwa na alama ya fuvu, alama ya mtu mwenye nyota kifuani, na alama ya mti mkavu na samaki.

Samaki huyo hakuwekwa kwa pambo. Zebaki inayoingia majini hugeuzwa na vijidudu kuwa aina inayojikusanya katika samaki, na vijito vya Tarime na Serengeti humwaga maji yao Mto Mara, ambao huishia Ziwa Victoria. Mji wa Minamata nchini Japani uliugua kwa njia hiyo, na ugonjwa ukatambuliwa rasmi mwaka 1956. Mkataba wa kimataifa uliopewa jina la mji huo mwaka 2013, ambao Tanzania imeuridhia, unataja kuchoma donge la zebaki katika makazi ya watu kuwa miongoni mwa vitendo vinne vya kukomeshwa.

Anayelazimika kuchoma achome mbali na nyumba, kwa kifaa kilichofungwa kiitwacho ritoti, ambacho hupoza mvuke na kurudisha zebaki ili itumike tena. Hilo pia ni akiba ya fedha. Karai lililochomewa lisipikiwe kamwe, hata likisuguliwa kwa mchanga. Nguo za kazi zisifuliwe pamoja na za watoto. Zebaki ikimwagika ndani, watoe watoto, fungua madirisha, usifagie kwa ufagio kwani utaitawanya. Ikusanye kwa kipande cha karatasi ngumu, uitie katika chombo chenye maji na kifuniko imara. Chombo hicho kisiwe chupa ya soda.

Ukienda zahanati kwa kikohozi, homa au kutetemeka, mwambie tabibu bila kuona haya kwamba nyumbani kwenu huchomwa zebaki. Asipoambiwa, atatafuta malaria. Kipimo cha zebaki iliyovutwa kwa pumzi hufanywa kwa mkojo.