Sayansi: Miaka minne, mtihani mmoja

MWANAFUNZI wa Shule ya Sekondari Chidya, Masasi, hachagui kati ya mitihani ya awamu na ule wa mwisho. Baraza la Mitihani la Tanzania (NECTA) hupima Fizikia, Kemia na Baiolojia mwishoni mwa Kidato cha Nne, kwa nadharia na vitendo. Homa ya siku moja yaweza kuharibu kazi ya miaka minne.

Uingereza iliondoa awamu katika GCSE kwa kozi zilizoanza mwaka 2012. Awamu humwezesha aliyeteleza kurudia sehemu moja tu, lakini hukatiza masomo mara kwa mara.

Tanzania ina njia ya kati: Azimio la Musoma la mwaka 1974 liliagiza maendeleo ya darasani yahesabiwe. Hivyo, anayesubiri Kidato cha Nne ndipo ajitume amekwishapoteza alama.