Kalenda ama Orodha ya Kazi?

Juzi wanachama wawili wa chama chetu nusura watoane ngeu wakibishana lipi lililo bora katika kupanga mambo: kalenda, ama ile programu ya simu ya kuorodhesha kazi. Mimi nilinyamaza. Swali hilo limewahi kunigharimu maziwa.

Kwetu ni hapa Endarasha, chini ya milima ya Nyandarua, na karo yangu hutoka kwa ng'ombe. Jumamosi tarehe 6 Aprili 2024, likizo ikianza, ng'ombe wetu alipandishwa kwa sindano. Asiposhika mimba, ng'ombe hurudi kwenye joto baada ya siku 21 hivi. Joto lenyewe halimalizi siku nzima: ukiliona asubuhi, mtu wa AI awe amefika jioni. Likikupita, ngoja siku 21 zingine. Mama akaniambia, "Kumwangalia ni kazi yako. Mimi nina viazi vya kupalilia."

Nami kwa ujuaji wangu nikachukua simu yake, nikaandika kwenye programu: "Kuangalia ng'ombe." Basi. Tarehe sikuweka. Chini yake nikaongeza kununua sabuni, kushona sare, kumaliza hesabu za likizo, kupeleka jembe kwa fundi. Kila jambo likiisha unaliwekea tiki, na tiki ni tamu jameni! Kwa hivyo nikafanya yale mepesi kwanza. Hiyo ndiyo tabia ya orodha. Haikuulizi siku, inakungoja tu, nawe unachagua linalokupendeza. Jumamosi tarehe 27 nilikuwa Nyeri mjini kutafuta viatu, kwani shule zilipaswa kufunguliwa tarehe 29. Ng'ombe alilia kutwa nzima. Jirani alitueleza kesho yake jioni, maji yakiwa yamekwisha kumwagika. Baadaye mama alilazimika kuuza magunia mawili ya viazi kabla bei haijapanda, ili nilipiwe karo.

Basi kalenda ndiyo mshindi? Polepole. Kwa majuto nilihamisha kila kitu kwenye kalenda ya ukutani, ile tuliyopewa na agroveti, kwa kalamu ya wino. Kunyoa, siku yake. Kufua, siku yake. Hata kusoma ushairi! Ikumbukwe kwamba kwa sababu ya mafuriko shule ziliahirishwa hadi tarehe 6 Mei, kisha zikafunguliwa tarehe 13. Kalenda yangu ikajaa mikwaruzo, hata ikawa haisomeki. Nani aliniambia kunyoa kunahitaji tarehe? Ukizoea kuona pale ukutani siku zisizo na maana, hata ile yenye maana utaipita bila kuitazama.

Cucu alipoona ile mikwaruzo alicheka sana. Kwa Kikuyu, mvua ndefu ni mvua ya njahi, na mvua fupi ni mvua ya mwere, yaani mawele. Ukitaja majira umetaja na kazi yake. Lakini, akasema, hakuna majira yaliyopewa jina la kufagia ua.

Hapo ndipo nilipoelewa. Siku hizi najiuliza swali moja tu: jambo hili likipita siku yake, litaharibika? Likiharibika, naliandika kwenye kalenda. Kama hata keshokutwa litafaa, liende kwenye orodha. Asubuhi natazama kalenda kwanza, halafu nachagua mawili matatu ya orodha yanayoweza kuingia katika nafasi iliyobaki. Sisi wa bweni hatuna simu, kwa hivyo orodha yangu ni ukurasa wa nyuma wa daftari. Wewe uliye na simu nyumbani, programu nyingi hukubali kuwekewa tarehe na kengele. Ila mama akikwambia saa mbili asubuhi, usiandike 2:00! Mimi niliandika, na simu ikatuamsha sote usiku wa manane.

Kabla ya kurudi shuleni nilizungushia tarehe 18 Mei duara jekundu. Mama aliona joto asubuhi hiyo, na jioni mtu wa AI akafika. Safari hii mimba ilishika. Nikahesabu siku 280, nikaangukia tarehe 22 Februari 2025. Ng'ombe hupumzishwa kukamwa kama siku 60 kabla ya kuzaa, na kuhesabu kurudi nyuma kukanipa tarehe 24 Disemba. Zote mbili zikaingia ukutani. Wageni wetu wa Krismasi walikunywa strungi wakinung'unika. Ndama alizaliwa tarehe 20 Februari, mimi nikiwa darasani.