Taa ya Injini Ikiwaka, Usikimbilie Kununua Kompyuta

Likizo iliyopita mjomba alinipigia simu. "Mwanangu, wewe si unasoma mambo ya umeme huko chuoni? Njoo uniangalizie gari." Ni kale kagari kake kadogo anakofanyia teksi, na ndiko kanakolipa ada za binamu zangu wawili. Lilikuwa likipita kwenye tuta au shimo linashtuka, linakosa nguvu, mara linazima kabisa abiria akiwa ndani. Taa ya injini inawaka, kesho yake inazima yenyewe.

Fundi wa kwanza alipima kwa mashine, akabadilisha sensa ya joto la maji. Wiki haikuisha, tatizo likarudi. Akabadilisha sensa ya joto la hewa. Likarudi tena. Sasa alikuwa anasema kontroli boksi imekufa, itafutwe nyingine ya laki sita. Mjomba alishaanza kuulizia mkopo.

Nikiri mapema: mimi si fundi. Ila kilichotuokoa ni kitu ambacho wengi wetu tumekisoma mwaka wa kwanza tukakiacha kwenye karatasi ya mtihani.

Namba ya hitilafu si hukumu

Chini ya usukani wa magari mengi ya miaka hii kuna soketi yenye matundu 16. Marekani iliilazimisha kwa magari ya kuanzia mwaka 1996, na nchi nyingine zikafuata. Unachomeka mashine, inakupa namba kama P0118. Hapo ndipo wengi tunapopotea. Tunasoma "joto la maji", tunakimbilia dukani kununua sensa ya joto la maji.

Lakini P0118 haisemi kwamba sensa imekufa. Inasema volti katika njia ya sensa hiyo ziko juu kuliko inavyotakiwa. Njia hiyo ina sensa, soketi, waya wa kwenda, waya wa kurudi, na kompyuta yenyewe. Namba inakuonyesha mtaa, nyumba unaitafuta mwenyewe.

Sensa inaongeaje?

Sensa ya joto la maji ni rezista ambayo ukinzani wake hupungua kadiri joto linavyopanda. Kwenye Toyota nyingi za petroli inasoma kama kiloomu 2.5 kwenye nyuzi 20, na karibu omu 300 tu kwenye nyuzi 80. Kompyuta inatoa volti 5 kupitia rezista iliyo ndani yake, halafu inapima ni volti ngapi zimebaki kwenye waya. Injini ikiwa ya baridi, volti ziko juu. Ikipata moto, zinashuka. Ndiyo ile hesabu ya kugawanya volti kwa rezista mbili, basi.

Sasa waya ukikatika, hakuna umeme unaopita, volti zinabaki 5 zote. Kompyuta inatafsiri kwamba maji yana baridi ya nyuzi 40 chini ya sifuri. Tuko Dar, mwezi wa pili! Kompyuta haina jinsi ya kujua ni waya. Yenyewe inajua volti tu.

Hiyo inakupa jaribio la bure kwa sensa ya joto ya waya mbili. Zima gari, chomoa soketi yake, washa swichi bila kuwasha injini, usome mashine: inatakiwa ionyeshe baridi kali. Zima, unganisha nyaya mbili za soketi kwa kipande cha waya, washa swichi tena: sasa ionyeshe joto kubwa mno. Ikifanya yote mawili, nyaya na kompyuta viko sawa wakati huo. Shuku sensa au mguso wa soketi yake. Isipofanya, sensa mpya ni hela ya bure. Angalizo: usiunganishe nyaya namna hiyo kwenye sensa za waya tatu, maana unaweza kuipiga shoti njia ya volti 5.

Namba tatu, jambo moja

Mashine ya fundi wa mtaa wa pili ilitupa namba tatu: P0118 ya joto la maji, P0113 ya joto la hewa na P0123 ya mkao wa kipepeo cha hewa. Angalia vizuri: zote tatu zinalalamika volti kuwa juu, na zote zilitokea kwa pamoja. Je, sensa tatu zinaweza kufa siku moja, kwenye shimo moja? Inawezekana, lakini kwanza uliza zinachangia nini.

Tuliangalia mchoro wa nyaya. Zote zilikuwa zinarudi kwenye kompyuta kwa waya mmoja. Waya wa kurudi ukiachia, sensa zote zinazoutegemea zinapandisha volti kwa mpigo.

Tukachukua mita ya kawaida. Waya mweusi kwenye hasi ya betri, mwekundu kwenye waya wa kurudi wa sensa, kwa nyuma ya soketi ikiwa imechomekwa, swichi imewashwa. Pale panatakiwa pawe karibu na sifuri. Ilisoma volti 0.02. Mjomba akanitazama kama vile nimemleta bure. Nikamwambia, "Subiri, mjomba," nikaanza kutikisa bunda la nyaya taratibu, kipande kwa kipande. Tulipofika nyuma ya injini, mita ikaruka hadi volti 4 na ushee.

Kufungua selotepu, tukakuta kiungo cha zamani: mtu alikata waya, akasokota kwa mkono, akafunika. Shaba imekuwa kijani. Tulikata sehemu mbovu, tukachomelea kwa risasi, tukaziba vizuri. Gharama ilikuwa nauli na soda ya fundi aliyetuazima vifaa.

Kabla ya kuilaumu kompyuta

Kompyuta hufa, ndiyo, hasa zikiingia maji. Lakini iwe ya mwisho kwenye orodha. Anza na betri: ikiwa imepumzika iwe na volti kama 12.6, na injini ikiwaka zifike kati ya 13.5 na 14.5 kwenye magari mengi. Angalia fyuzi, nyaya za ethi, volti 5 za sensa, kisha soketi kama zina kutu au zimelegea. Usichomoe kompyuta swichi ikiwa imewashwa, na usitumie taa ya balbu kupimia nyaya za sensa. Balbu inavuta umeme mwingi. Kumbuka pia kompyuta ya mtumba inaweza kukataa kuwasha gari kama mfumo wa kuzuia wizi haujaitambua ufunguo wako. Laki sita zingeweza kwenda na gari likabaki limepaki.

Yule fundi wa kwanza hakuwa tapeli. Alikuwa na mashine ila hakuwa na mchoro, na mteja anamharakisha. Sisi tuna michoro, tuna mita zimejaa vumbi maabara. Ukirudi nyumbani likizo hii, azima moja kwa utaratibu. Kuna mjomba wa mtu anaulizia mkopo sasa hivi.