Sisi Tulioshinda, Ninyi Mliofungwa: Nafsi na Kumbukumbu katika Maandishi ya Mashabiki wa Simba na Yanga



Mpira wa miguu si mada iliyozoeleka katika mihadhara ya Kiswahili. Tumezoea kuzungumzia tenzi, riwaya, lahaja na sera ya lugha, na mashabiki tumewaachia waandishi wa michezo. Hata hivyo, ni vigumu kutaja jambo ambalo wakazi wa kawaida wa Dar es Salaam wameliandikia kwa wingi na kwa hiari yao kuliko Simba na Yanga. Wameandika barua kwa magazeti ya michezo, wameandika mabango ya uwanjani, wamepaka rangi maneno yao kwenye daladala na kuta za vijiwe, wameyachapisha kwenye fulana na khanga, na kwa miaka mingi sasa wanatumiana kwa simu. Maandishi haya hayajakusanywa ipasavyo, na mengi hufutika kabla msimu haujaisha.

Swali ninalokusudia kulijadili ni moja. Mashabiki wanapoandika historia ya timu yao, ni nani anayeyatunza yale ambayo timu hiyo ingependa yasahauliwe? Nitajaribu kuonyesha kwamba kazi hiyo hufanywa na mtani, na kwamba zana yake kuu ni kiambishi cha nafsi.

Usuli

Klabu ya Young Africans iliasisiwa mwaka 1935. Jina hilo halikukaa vinywani jinsi lilivyo: neno la kwanza lilipewa irabu mwishoni, kama silabi za Kiswahili zinavyotaka, likawa Yanga. Simba huhesabu umri wake tangu mwaka 1936. Ilipita katika majina ya Queens na Eagles, ikajulikana kwa muda mrefu kuwa Sunderland, na mwaka 1971 ikachukua jina ililo nalo. Makao ya klabu zote mbili yako Kariakoo, moja Mtaa wa Msimbazi na nyingine pembeni mwa mitaa ya Twiga na Jangwani, umbali wa kutembea kwa miguu. Mashabiki wa Yanga hupenda kuandika kwamba Simba ilizaliwa ubavuni mwao, nao wa Simba hulikana hilo kwa nguvu ileile. Sitaamua kesi hiyo hapa. Linalotuhusu ni kwamba uhasama huu ni wa jirani na jirani, pengine wa chumba na chumba ndani ya nyumba moja, na kwamba Kiswahili kimeupa jina lake maalumu: hawa ni watani wa jadi.

Nafsi ya kwanza wingi

Kijana aliyezaliwa mwaka 1990 huandika bila wasiwasi wowote: “Mwaka 1977 tuliwafunga sita.” Sentensi hii, pamoja na nyingine nitakazozitaja, ni mfano wa aina ya sentensi; si nukuu ya mtu fulani. Mechi yenyewe ni ya kweli: tarehe 19 Julai 1977 Simba iliifunga Yanga mabao 6-0, na Abdallah Kibadeni peke yake akafunga matatu. Kisarufi hakuna kasoro. Kiambishi tu- ni cha nafsi ya kwanza wingi, na -li- ni cha wakati uliopita. Kasoro, kama ipo, ni ya kimantiki, kwa kuwa msemaji hakuwako uwanjani wala duniani. Lakini hakuna msomaji anayemsahihisha. “Sisi” ya shabiki ni kama “sisi” ya ukoo: mtu husema “tulihamia hapa kutoka bara” akimaanisha babu wa babu yake.

“Sisi” hiyo, hata hivyo, haisimami imara nyakati zote. Timu ikishinda, shabiki huandika “tumeshinda”. Ikifungwa, mara nyingi nafsi hubadilika: “wachezaji wamecheza ovyo”, “kocha amekosea kupanga kikosi”, “viongozi wametuangusha”. Tazameni sentensi hii ya mwisho. Shabiki amebaki ndani yake, lakini amehama kutoka kwenye kiambishi cha kiima na kwenda kwenye kiambishi cha mtendwa. Si yeye tena aliyefungwa, ni yeye aliyeangushwa. Jambo hili halikuanzia Kariakoo. Mwaka 1976 Robert Cialdini na wenzake walichapisha utafiti kuhusu wanafunzi wa vyuo vikuu vya Marekani, wakaona kwamba wanafunzi hao walisema “sisi” zaidi walipoeleza ushindi wa timu ya chuo chao kuliko walipoeleza kushindwa. Huenda basi tukatosheka na maelezo kwamba binadamu hujiegemeza kwenye fahari na kuikimbia fedheha.

Kwa maoni yangu maelezo hayo hayatoshi kwa Dar es Salaam, kwa sababu huku kuna nafsi ya pili.

Mtani na nafsi ya pili

Utani ni taasisi ya kale kuliko mpira. R. E. Moreau aliandika juu ya utani wa makabila ya Tanganyika tangu miaka ya 1940, na wanafunzi wengi waliomo ukumbini humu wameusikia kwa wazee wao. Mtani ana ruhusa ya kukusema vibaya mbele za watu, nawe huna ruhusa ya kukasirika. Mtani hufika msibani akafanya mzaha ambao ndugu hawezi kuufanya, kisha akashika jembe. Kwa hiyo mtani si adui. Adui anaweza kukusahau akishakushinda, lakini mtani ana wajibu wa kukukumbuka.

Mashabiki wa Simba na Yanga wameurithi wajibu huo barabara. Mwanasimba anapojificha nyuma ya “wachezaji wamecheza ovyo”, mtani wake humrudisha kwa neno moja: “mlifungwa”. Si “walifungwa”. Kiambishi m- humkamata kocha, mchezaji, mwenye kadi ya uanachama na muuza kahawa aliyevaa fulana nyekundu, wote kwa pamoja. Aliyesema “tuliwafunga sita mwaka 1977” hawezi sasa kusema kwamba kipigo cha 5-1 cha tarehe 5 Novemba 2023 kinawahusu wachezaji pekee. Nafsi aliyoitumia kudai humfunga anapodaiwa.

Mfano ulio wazi zaidi ni wa mwaka 1968. Tarehe 1 Juni mwaka huo Yanga ilishinda 5-0, na timu iliyofungwa iliitwa Sunderland. Mwanasimba mwenye hoja angeweza kusema kwamba Simba haikufungwa, maana jina hilo lilikuwa halijakuwapo. Lakini Sunderland hiyohiyo ndiyo iliyotwaa ubingwa wa ligi ya taifa ilipoanza mwaka 1965, na mashabiki wa Simba huuhesabu ubingwa huo kuwa wao: “tulikuwa mabingwa wa kwanza.” Wakiupokea mwaka 1965 hawana budi kuupokea na 1968. Ndiyo maana shabiki wa Yanga huandika “Yanga 5 Simba 0, 1968” bila kujali usahihi wa jina, na hajibiwi kwa hoja ya jina. Hujibiwa kwa tarehe nyingine: 6 Mei 2012, Simba 5 Yanga 0.

Mabao matano yameunda msamiati wake. Kwa kuwa mkono una vidole vitano, kipigo cha aina hiyo huitwa mkono, na shabiki hahitaji kuandika matokeo. Huchora kiganja kilichokunjuliwa, basi. Mchoro huo mmoja unasomeka kwa maana mbili zinazopingana, kutegemea rangi uliyochorwa nayo. Aliyechora kwa nyekundu anakumbusha 2012, na aliyechora kwa kijani na njano anakumbusha 1968 au 2023.

Kufika na kufungwa

Uteuzi wa kitenzi nao ni wa kuchunguzwa. Mwaka 1993 Simba ilicheza fainali ya Kombe la CAF dhidi ya Stella ya Abidjan. Ilipata sare ya 0-0 ugenini, kisha ikafungwa 2-0 Dar es Salaam. Katika maandishi ya Wanasimba kitenzi cha mwaka huo ni kufika: “tulifika fainali.” Katika maandishi ya Wanayanga ni kufungwa, na huambatana na kielezi cha mahali kinachouma: “mlifungwa nyumbani kwenu.” Sentensi zote mbili ni za kweli. Hakuna kati ya hizo inayotosha peke yake, na mwanahistoria anayesoma maandishi ya upande mmoja atapata nusu ya mechi.

Mwaka 1979 Simba ilifungwa 4-0 nyumbani na Mufulira Wanderers ya Zambia, kisha ikaenda kwao ikashinda 5-0. Ni miongoni mwa simulizi zinazopendwa mno Msimbazi, na yastahili kupendwa. Hata hivyo, simulizi nyingi huanzia Zambia. Yale manne ya nyumbani hutajwa harakaharaka, au huachwa mtani ayataje.

Yanga nao wamepata zamu yao. Mwaka 2023 walifika fainali ya Kombe la Shirikisho Afrika, wakafungwa 2-1 na USM Alger Dar es Salaam, wakashinda 1-0 Algeria, na kombe likaenda kwa wapinzani kwa kanuni ya mabao ya ugenini. Mara Jangwani pakasikika kitenzi kilekile cha Msimbazi: “tulifika.” Wanasimba, waliokitumia kwa miaka 30, waligeuka mabingwa wa kusema “mlikosa”. Miaka miwili baadaye, mwaka 2025, Simba ilipoteza fainali ya kombe hilohilo kwa RS Berkane ya Morocco, 2-0 ugenini na 1-1 Zanzibar, vitenzi vikabadilishana tena wenyewe. Mwanafunzi wa semantiki hahitaji maabara iliyo bora kuliko hii: tukio ni lilelile, na kilichobadilika ni nafsi ya msemaji.

Ngeli na majina

Jina la Simba lina bahati ya pekee katika sarufi yetu. Kama jina la klabu huchukua upatanisho wa ngeli ya I-ZI: “Simba imeshinda.” Kama jina la mnyama huchukua upatanisho wa kiumbe: “Simba ameunguruma.” Mashabiki huvuka kutoka ngeli moja hadi nyingine kwa makusudi. Siku ya ushindi Mwanasimba huandika juu ya Mnyama, naye ni mnyama kamili mwenye makucha. Siku ya kufungwa anarudi kwenye klabu, “imepoteza pointi tatu”, lugha kavu ya jedwali la ligi. Ni siku hiyo ambapo mtani huchukua ngeli ya kiumbe na kuandika kwamba Mnyama amechinjwa. Kejeli ya kumwita Mwanasimba “Mkia” imetoka kwenye zizi hilohilo: aliyejiita mnyama hawezi kulalamika akikumbushwa kwamba ana mkia.

Yanga hawakuwa na mnyama wa namna hiyo, na kwa muda mrefu walijiita kwa mahali, Wanajangwani, jambo lililowaletea jina la “vyura”, kwa kuwa Jangwani hufurika maji mvua ikinyesha. Baadaye wakajitwalia jina la Wananchi. Nakiri kwamba nalistaajabia jina hili kwa werevu wake. Ni neno la taifa zima, na limewekwa mahali ambapo Mwanasimba hawezi kusema “sisi wananchi” katika kijiwe cha mpira bila kuchekwa.

Wakati fulani mtu huvuka mwenyewe. Haji Manara, mwana wa Sunday Manara aliyekuwa nyota wa Yanga, alikuwa msemaji wa Simba hadi mwaka 2021, kisha mwaka huohuo akahamia Yanga. Maandishi aliyokwisha kuyatoa hayakuhama naye. Kila upande ukajikuta na akiba ya maneno yake ya kuutumia dhidi ya mwingine, na dhidi yake yeye mwenyewe.

Matumizi ya maandishi haya katika utafiti

Je, tuyaamini maandishi haya? Nawashauri wanafunzi wasiyaamini upande mmoja mmoja, bali wayasome kwa jozi. Penye “tuli-” ya mmoja, itafutwe “mli-” ya mwingine kuhusu mechi ileile. Pale jozi inapokubaliana juu ya tarehe na idadi ya mabao, tuna ushahidi mzuri, kwa kuwa mdaiwa amekiri deni mbele ya mdai. Pale ambapo upande mmoja pekee unasimulia na mtani amenyamaza, hapo ndipo pa kutilia shaka, kwani si desturi ya mtani kunyamaza. Mbinu hii ina manufaa hasa kwa miaka ya kabla ya ligi ya taifa kuanza mwaka 1965, ambayo hadi leo husimuliwa zaidi kuliko inavyosomwa.

Kazi ya kukusanya haihitaji fedha nyingi. Inahitaji mtu wa kupiga picha bango kabla halijakunjwa, kunakili maneno ya ubavuni mwa daladala pamoja na tarehe, na kumwomba mzee wa Kariakoo aonyeshe barua aliyoikata gazetini. Kila kipande kiandikwe ni cha upande gani, maana bila rangi yake kiganja kilichochorwa ukutani hakisomeki.

Kwa wale watakaotaka kuanza, napendekeza mechi ya tarehe 20 Oktoba 2013. Yanga iliongoza 3-0 hadi mapumziko, na mchezo ukamalizika 3-3. Wanasimba huandika “tulirudisha yote matatu”. Wanayanga huandika “mliokoka”. Na mara chache, katika maandishi ya Wanayanga wakongwe, hupatikana kauli ambayo sijaiona mahali pengine katika utani huu: “tulijifunga wenyewe”, ingawa katika mechi hiyo hakuna Mwanayanga aliyejifunga bao.